Nati Haina Miguu

Sauti ilianza walipokuwa wamepita Kyumbi, vilima vya Lukenya vikijitokeza mbele na mbuzi wa Nur wakisukumana nyuma ya pikapu. Kwata, kwata, kwata, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu. Urbanus alijifanya hajaisikia. Alipunguza mwendo, nayo ikapungua. Aliongeza, ikaongezeka. Nur, mchuuzi wa mifugo aliyeketi kando yake na kijiti cha mswaki mdomoni, akageuka kutazama nyuma kana kwamba mmoja wa mbuzi wake ndiye anayegonga.

"Mzee," akasema, "ni ile tena."

"Nimesikia."

Urbanus aliegesha kando ya barabara, akakinga gurudumu la mbele kwa jiwe, akaenda kuchuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la kushoto. Nati ya kwanza ilizunguka kwa vidole viwili tu. Ya pili vilevile. Hakuhangaika kuzigusa nyingine. Ilikuwa mara ya tatu tangu msimu wa maembe uanze.

"Asubuhi ulikaza?" Nur akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Walikuwa marafiki wa miaka mingi, na Nur angeweza kumkabidhi Urbanus mbuzi wake wote alale usingizi wa pono.

Urbanus alijiona asubuhi ile, ameinama na wilispana ya kukazia nati mkononi, jogoo wa mkewe akimzunguka miguuni. Au hiyo ilikuwa asubuhi ya jana? Jogoo ni yuleyule, wilispana ni ileile, na asubuhi za mtu aliyestaafu hufanana kama maharagwe ya gunia moja. Alitaka kusema ndiyo, lakini ya asubuhi ipi.

"Nilikaza," akasema mwishowe, lakini alikuwa amechelewa, na wote wawili wakasikia alivyochelewa.

Sasa, msomaji asije akadhani Urbanus alikuwa dereva wa kubahatisha. Maisha yake yote ya kazi aliendesha Landrova za ofisi ya mifugo, akafika kila mahali ambapo ng'ombe wa Ukambani anaweza kuugua, na hakuna siku aliyoliacha gari la serikali mtaroni. Vijana waliofunzwa naye waliyakumbuka mafundisho yake, hasa lile moja alilolirudia hadi likawachosha: nati haina miguu. Ikiondoka mahali ilipowekwa, kuna mtu. Ama kuna aliyeifungua, ama kuna aliyesahau kuikaza, na huyo wa pili ndiye mbaya zaidi, kwa sababu haendi kukamatwa na polisi.

Na hapo ndipo hofu yake ilipokaa. Baba yake, mzee Kitheka, alianza hivihivi. Alianza kwa kusahau panga shambani, halafu akasahau kufunga zizi. Mwisho wake, siku moja mchana kweupe, alimtazama Urbanus akiingia uani, akamuuliza kwa heshima kabisa ni mtoto wa nani, kisha akamkaribisha chai. Urbanus aliinywa ile chai kama mgeni. Tangu wakati huo, kila alipopoteza miwani alikuwa akitafuta vitu viwili kwa pamoja.

Pikapu yenyewe ilikuwa Datsun iliyokula chumvi nyingi kuliko mwanawe Jeff. Injini ilitunzwa na Urbanus. Lakini kilichoifanya iheshimike mjini Machakos ni mkewe, Mwelu. Mwelu alikuwa binti wa mchonga vinyago wa Wamunyu, na utotoni kazi yake ilikuwa kusugua msasa na kupaka rangi: twiga, kiboko, vijiko vya saladi vya kuuzia watalii. Sheria ya baba yake ilikuwa moja. Mteja huangalia juu, mchwa huangalia chini. Kwa hiyo paka hadi mahali jicho halifiki. Mwelu alimaliza tumbo la kiboko kwa uangalifu uleule aliomalizia mgongo, na hakuiacha tabia hiyo alipoolewa. Mvua ya El Nino ilipokuja ikaacha kila chuma nchini kikiliwa na kutu, alinunua mkebe wa rangi ya fedha na brashi. Gurudumu lolote lililoshushwa kuzibwa pancha, hasa lile la nyuma la kushoto lililopendwa na miiba ya Yatta, lilirudi limepakwa. Watu wa kanisani walisema gari la Urbanus limevaa soksi. Urbanus alikuwa akisikia hivyo na kujifanya anatafuta kitu kwenye Biblia, kumbe anaficha tabasamu.

Jeff alikuja Jumapili. Alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja huko Athi River, na habari za Lukenya zilikuwa zimemfikia kabla hajafika nyumbani. Alikuwa kijana mpole, mwenye kumpenda baba yake hadi akashindwa kumtazama usoni alipokuwa akisema alichokuja kusema.

"Baba, hii kitu imekuwa mara nyingi sasa."

"Nati zimezeeka," Urbanus akasema.

"Si Erastus alikuwekea mpya?"

Kweli, fundi Erastus alikuwa ameweka nati mpya, na bolti mpya, na akala kiapo kwamba hajawahi kukaza gurudumu hivyo tangu azaliwe. Wiki iliyofuata zililegea.

"Nitakuja tena Jumamosi," Jeff akasema. "Kama itakuwa imelegea tena, tuuze hii gari, Baba. Si kwa ubaya. Mimi sitaki siku moja niitwe kwa simu ya ofisi niambiwe kitu."

Mwelu aliweka birika mezani kwa kishindo. "Jeff, wewe unasema baba yako anasahau? Huyu hajawahi kusahau kitu! Siku ya kwanza alikuja kwetu, mpaka leo anajua leso nilikuwa nimevaa ni rangi gani. Muulize!"

"Ya manjano," Urbanus akasema upesi, kama mwanafunzi aliyeogopa kuchapwa.

"Unaona?" Mwelu akamwambia Jeff. Kisha akainama kuokota kitu sakafuni, kitu ambacho Urbanus hakukiona.

Kuanzia kesho yake, kila Urbanus alipotoka na wilispana asubuhi, Mwelu naye alitoka. Mara anamtafuta kuku, mara anaanika kitambaa ambacho kilikuwa kimekauka tangu jana. Alisimama tu upande wa lile gurudumu, akiangalia mikono ya mumewe. Urbanus alikaza nati huku mgongo ukimwasha. Maneno ya Jeff hayakumuuma kama kile kitambaa kikavu.

Mjini kila mtu alikuwa na dawa yake. Kuna waliosema ni vijana wa stendi wanaotaka kuiba rimu za magurudumu. Kuna waliosema ni mkono wa jirani, kwa maana sisi Wakamba tumesemwa sana kwa mambo hayo hadi mtu akijikwaa tu anaulizwa ana ugomvi na nani. Nur naye, kwa nia njema, alisema anamjua shehe mmoja anayesoma dua ya vyombo vya safari.

"Mwambie anisomee," Urbanus akamjibu. "Lakini uchawi hautumii spana namba ishirini na moja. Hapa kuna mtu, Nur. Nataka nijue kama mtu huyo ni mimi."

Ndipo akakumbuka ujanja wa gereji ya serikali. Zamani, walipotaka kujua kama nati inazunguka yenyewe njiani, walichora mstari mwembamba kuanzia kwenye nati hadi kwenye rimu. Ukirudi jioni ukaukuta mstari umekatika, nusu huku nusu kule, basi nati imezunguka. Mstari huo hauna undugu na mtu wala haumhurumii. Shida ilikuwa rangi, kwani ya Mwelu ilikuwa ya fedha, na fedha juu ya fedha haionekani. Kwa hiyo mzee mzima, Mkristo wa viti vya mbele, aliingia katika duka la Fathia, dada yake Nur, akaomba kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu.

"Ya Mama Jeff?" Fathia akauliza, macho yakimcheka.

"Ya gari."

"Wallahi! Gari inaolewa lini, Mzee? Tutaletewa kadi?"

Alifungiwa kichupa kwenye karatasi, akaambiwa ngozi ya gari lake ingependeza zaidi na rangi ya zambarau.

Ijumaa asubuhi, mbele ya Mwelu na kitambaa chake, Urbanus alikaza nati za gurudumu lile moja baada ya nyingine, akizivuka kama msalaba, jinsi inavyotakiwa, hadi wilispana ikalia. Kisha akafungua kichupa, akachora mstari mwekundu kwenye kila nati hadi kwenye rimu. Mwelu alitazama ile mistari, akamtazama yeye, akaingia jikoni.

Walikwenda Matuu yeye na Nur. Nur kuangalia ng'ombe, Urbanus kupakia maembe. Safari ya kwenda gurudumu halikugonga. Waliporudi na mzigo, barabara mbovu ya vumbi ikiwatikisa meno, Urbanus alianza kuomba kimoyomoyo. Hakuomba nati zisilegee. Aliomba kwamba zikilegea, mistari ionyeshe jambo lolote isipokuwa kichwa chake.

Kwata, kwata, kwata.

Alisimama. Akakaa na mikono kwenye usukani, hakutaka kushuka. Ikiwa mistari imekatika, basi hakukaza vizuri, na aliyeshindwa kukaza vizuri hata akiwa amesimamiwa na mkewe, huyo angesema nini tena mbele ya mwanawe?

"Nenda wewe uangalie," akamwambia Nur.

Nur alishuka. Urbanus alisikia viatu vyake kwenye changarawe, kisha vikasimama penye gurudumu.

"Mzee," Nur akaita, "rangi yako iko sawa."

"Sawa namna gani?"

"Iko vile ulichora. Moja kwa moja. Zote."

Urbanus alishuka akiwa amesahau hata kufunga mlango. Alipiga magoti kwenye vumbi, akavaa miwani. Mistari ilikuwa imenyooka, kutoka nati hadi rimu, haijakatika hata unywele. Alitia wilispana kwenye nati ya juu, akavuta kwa mkono mmoja. Ilikwenda laini kabisa, bila kukaza popote.

"Hii haiwezekani," Nur akasema. "Haijazunguka, na imelegea? Imelegea na nini?"

Urbanus alikaa palepale chini, mguu mmoja umenyooka barabarani, akaanza kucheka. Alicheka hadi akavua miwani apanguse machozi, na Nur akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Nilikaza, Nur," akasema. "Nilikaza! Nati imekaa pale niliiacha. Ni kile imekalia ndicho kimeenda."

Waliteremsha maembe kando, wakaweka jeki, wakavua gurudumu. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipojionyesha mchana kweupe. Ndani ya matundu ya rimu, mahali ambapo nati hukaa chuma kwa chuma, kulikuwa na rangi ya fedha, tabaka juu ya tabaka, nene na laini, imekamuliwa na kufura pembeni kama siagi kati ya vipande viwili vya mkate. Nyuma ya rimu vilevile, na kwenye habu pia, pale rimu inapolalia. Kila alipokaza, alikuwa anakaza juu ya rangi. Gari likitembea, rangi inapata joto, inasagika, inapungua unene. Nati inabaki palepale, lakini haishiki tena kitu. Na Erastus angeweza kuweka nati mpya hadi kiama, kwa kuwa ubaya haukuwa kwenye nati.

Mahali ambapo jicho halifiki. Urbanus aliitambua ile brashi kama mtu anavyotambua mwandiko.

"Hii ni kazi ya Mama Jeff," Nur akasema polepole.

"Ndiyo."

Furaha yote ilimshuka. Katika mji mzima, mtu mmoja tu alikuwa amesimama mbele ya Jeff kumtetea. Sasa ili asafishe jina lake mwenyewe, ilimpasa arudi nyumbani akamwambie mtu huyohuyo kwamba nusura amuue mumewe. Kwa brashi yake, kwa mapenzi yake, na kwa sheria ya marehemu baba yake wa Wamunyu. Alijua Mwelu alivyo. Asingelia mbele ya watu. Angeuweka ule mkebe juu ya kabati, na asingegusa rangi tena hadi anaingia kaburini.

"Sema ni kutu," Nur akashauri. "Kutu haina mke."

Urbanus alitoa kisu, akakwangua matundu yote hadi chuma kikang'aa, akakwangua na habu, akarudisha gurudumu, akakaza. Njia nzima hadi Machakos gari halikutoa sauti. Urbanus alikuwa anafanya mazoezi ya kusema kutu.

Jumamosi Jeff alifika kabla hata chai haijaiva. Walikaa uani wote watatu, pikapu ikiwa imesimama mbele yao kama mshtakiwa.

"Ililegea?" Jeff akauliza.

"Ililegea," Urbanus akasema, na akaona mabega ya mwanawe yakianguka. "Lakini ngoja. Nilichora alama, na alama hazikusonga. Nilikuwa nimekaza. Ilikuwa ni kutu, ndani ya matundu. Nimekwangua, imeisha."

Ulikuwa uongo mzuri, na angefika nao mbali kama angenawa mikono vizuri zaidi. Mwelu alikuwa akimpa kikombe. Alikishika kiganja cha mumewe, akakigeuza, akaangalia kucha. Chini ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na mstari wa fedha.

"Kutu ni nyekundu," akasema.

Jogoo alipita katikati yao.

"Baba Jeff. Hii ni rangi yangu."

"Mwelu, ni kidogo tu, ilikuwa imechanganyika na—"

"Nilipaka mpaka ndani ya matundu." Alikuwa anasema taratibu, kama anayesoma maandishi madogo. "Nati inakaa hapo. Imekuwa ikikaa juu ya rangi yangu."

Urbanus aliinamisha kichwa. "Ndiyo."

"Kwa hivyo ulikaza."

"Nilikaza."

"Hata ile siku ya Lukenya? Na zile zingine?"

"Zote, Mwelu. Zote nilikaza."

Mwelu alikaa chini kwenye kigoda, akajifunika uso kwa leso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Urbanus alisimama haraka hadi chai ikamwagika, akapiga goti mbele yake, akaanza kumwambia kwamba hakuna mtu aliyeumia, kwamba rangi yenyewe ni nzuri, kwamba kanisa zima linaisifu, na kwamba yeye ndiye dereva na ilikuwa kazi yake kuangalia. Alipoiondoa leso usoni pa mkewe, alimkuta anacheka. Machozi yalikuwepo, mengi, lakini alikuwa anacheka kwa mdomo wote, kama msichana.

"Ngai wakwa, Mungu wangu, ni mimi!" akasema. "Jeff, umesikia? Si kichwa cha baba yako! Ni mimi! Ni rangi yangu tu!"

Alikishika kichwa cha Urbanus kwa mikono yote miwili, mvi na yote, akakitikisa kana kwamba ni kibuyu alichokidhani kimepasuka na kumbe bado kina maziwa. Jeff alikuwa amesimama kando, akipangusa macho kwa mkono wa shati. "Mimi nimekuwa nikilala nikijiuliza," Mwelu akaendelea, "siku ataniuliza mimi ni nani, nitamjibu nini. Nitaanzia wapi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga, Baba Jeff. Nilikuwa nimepanga nianze na pale kwetu, Wamunyu."

"Na mbona ukamwambia Jeff sisahau kitu?"

Kicheko chake kilipungua kidogo. "Nilisema tu. Kwa sababu ulipojibu ile ya leso, ulikosea. Ilikuwa ya kijani. Nilikuwa nayo siku ulikuja na wazee, na mpaka leo iko kwa sanduku. Hapo ndipo niliogopa kabisa."

Urbanus alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Ya kijani ni ya siku ya wazee," akasema. "Hiyo haikuwa siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilikuja na Landrova ya kuchanja ng'ombe. Nyinyi mlikuwa na ndama mmoja mweupe. Ulikuwa unapaka kiboko rangi, na mikono ilikuwa imejaa, kwa hivyo ulinipa maji na viwiko, ukayamwaga kwa kiatu changu. Leso ilikuwa ya manjano. Imechanika hapa, upande wa kushoto. Ulikuwa umeishona na uzi mweusi."

Mwelu aliangalia mbali, juu ya pikapu na juu ya ua, akitafuta, na Urbanus aliona kabisa alipoipata: kwanza maji, halafu kiatu, halafu uzi mweusi.

"Aiya," akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe ni mimi nimesahau."

"Si kitu," Urbanus akamwambia, huku akimpangusa shavu kwa kidole chenye rangi ya fedha. "Mimi niko nayo."